MAELEZO YA SHAHIDI: PIKIPIKI YA MAREHEMU FUNDI CHEREHANI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Nyumbani huitwa Sindano.
Umri: miaka kumi na mitano.
Kazi: mwanafunzi wa sekondari.
Makazi: kwa mama yake mzazi, mshonaji, nyumba ya mwisho kabla ya kiwanda cha matofali.
Mlalamikaji: baba yake mdogo.
Mtuhumiwa: fundi pikipiki aitwaye Fundi Gusa.

Naeleza kwa hiari yangu. Nimeletwa hapa na baba yangu mdogo, ambaye afande amemwambia asubiri nje. Nashukuru kwa hilo.

Baba yangu mzazi alikuwa fundi cherehani. Alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo. Pikipiki yake ilifunikwa turubai ikawekwa stoo, na ufunguo wa stoo akauchukua baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba, ili atunze mali ya marehemu. Mwezi huu mama alipata kazi ya kushona sare za shule mbili, akataka pikipiki ifufuliwe azipeleke mwenyewe. Baba alikuwa amemfundisha kuiendesha. Baba mdogo alimwambia, "Shemeji, hiyo imekufa. Maiti haamshwi kwa kiki." Mama akamjibu, "Basi nipe ufunguo nikaizike." Akautoa.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, Fundi Gusa alifika nyumbani. Mama alikuwa anapima wateja, akaniambia nisimame na fundi. Anaitwa Gusa kwa sababu hafungui chombo cha mtu mpaka mwenyewe atangulize mkono. Alinieleza kwamba aliwahi kusingiziwa wizi wa kioo. "Mkono wangu hauingii kabla ya wako, mwanangu," alisema. "Gusa kwanza, halafu useme umegusa nini."

Nilianza na betri. Ilikuwa imevimba, na vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Fundi akasema betri ikikaa bila kuchajiwa hufa hata kama haifanyi kazi, akafunga ya kwake ya kujaribia. Nikageuza ufunguo, kimya. Nikagusa fyuzi, ikanivunjikia mkononi kwa kutu. Akaweka nyingine. Taa ya kijani ya gia huru ikawaka. Nikabonyeza honi, ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Tulicheka, na mama akachungulia dirishani, futikamba ikiwa shingoni, naye akacheka. Nilidhani siku hiyohiyo nitaisikia pikipiki ya baba ikinguruma.

Fundi akafungua plagi, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige kiki huku nikiitazama. Haikutoa cheche. Akasema tufuate waya kutoka kwenye plagi kurudi nyuma, tusibahatishe. Koili ilikuwepo. Waya zilikuwa nzima. Ndipo akaniambia niinue siti nikitafute kiboksi cheusi kinachoamuru cheche, ambacho mafundi hukiita sidiai. Nikaingiza mkono. Nilikuta soketi tupu inaning'inia. Wakati huo fundi alikuwa amesimama mlangoni pa stoo anafuta mikono. Nikamwambia, "Fundi, huku hamna kitu." Akaja akachungulia, hakugusa. Mle ndani kila kitu kilikuwa na vumbi, ila meno ya soketi yaling'aa.

"Labda ni panya," nikasema.

"Panya anatafuna, mwanangu. Panya hana adabu ya kuchomoa."

Kiboksi hicho nakijua. Zamani maji ya mvua yalikuwa yanakisumbua, baba akakishonea mfuko kwa kitambaa cha sare yangu ya darasa la kwanza, ya bluu yenye mistari myeupe. Alimalizia kwa msalaba wa uzi mwekundu, kama alivyomalizia kila nguo yake. Alisema, "Sasa na hii inakwenda shule."

Jioni ile mama alimweleza baba mdogo. Hakwenda stoo kutazama. Alisema palepale kwamba mwizi ni fundi, na kesho yake fundi akakamatwa mbele ya wateja wake. Mama alisema, "Mtoto alikuwepo." Baba mdogo akasema, "Vizuri, basi atasema."

Leo tarehe 17, saa nne asubuhi, baba mdogo alinipakia kwenye pikipiki yake kuja hapa. Ni ya aina moja na ya baba. Mwezi uliopita ilikaa haiwaki kwa siku nyingi, kisha ikawaka, na yeye akatuambia imepona yenyewe. Wakati tunaondoka mama aliniambia, "Kaseme ulichokigusa." Hakumtazama shemeji yake.

Njiani baba mdogo alinifundisha. "Sema ulimwona akitia kitu mfukoni. Sentensi moja tu, Sindano. Damu nzito kuliko maji." Nikamjibu, "Nimesikia, baba mdogo." Ni kweli nilikuwa nimesikia.

Tulipofika karibu na karakana ya mbao pikipiki ilikohoa ikazimika. Akanishusha, akainua siti, akatikisa waya. Nikaona kitambaa cha bluu chenye mistari myeupe, na pembeni msalaba mwekundu. "Ndiyo pikipiki zetu hizi," akasema. "Waya ikilegea tu, kwisha." Akapiga kiki, ikawaka. Akaniambia nipande. Nikapanda. Nilikuja nimeikalia sare yangu mpaka hapa kituoni.

Nadhani hakujua kwamba nitaitambua. Kwake kitambaa ni kitambaa. Msibani alilia kutushinda sisi wote, na mimi ndiye niliyempelekea maji.

Nilipopita kaunta niliona viatu vya Fundi Gusa chini ya benchi, vimetolewa kamba. Naomba afande atoke nje kabla baba mdogo hajaondoka. Naomba pia afande asiiguse pikipiki yeye kwanza. Baba mdogo ndiye atangulize mkono, aseme amegusa nini.

Nimesomewa haya yote, ni maneno yangu, na silipunguzi hata moja.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimetoka nje na shahidi saa sita kasoro robo. Mlalamikaji ametakiwa kuinua siti ya pikipiki yake, kuingiza mkono na kusema anachokigusa. Amesema, "Kitambaa tu, afande." Ndani ya kitambaa kuna sidiai. Kitambaa ni cha bluu, mistari myeupe, msalaba wa uzi mwekundu. Vyote vimechukuliwa kama kielelezo, na mlalamikaji amebakishwa kituoni. Mtuhumiwa amerudishiwa viatu. Shahidi hakulia. Ameuliza jambo moja, kwamba sasa atarudi nyumbani na nani.