Salma na Tao la Mwanga

Bi Rukia, mke wangu,

Nakusalimu kutoka huku kaskazini, ambako saa saba mchana ni giza totoro na mahamri ya binti yetu ni magumu kama jiwe.

Jana nilimfuata Salma kazini, kwenye kituo chao cha kuchunguza mianga ya angani. Angani palitanda tao la mwanga wa kijani, limetulia tuli. Akanieleza kwamba kamera zao hulitazama kutoka chini, na setilaiti hupita ikilitazama kutoka juu, ndipo wajue linavyogeuka.

Nikamwambia, "Basi ni harusi ya mtaani kwetu! Wanaume barazani, wanawake madirishani ghorofani, kila upande una nusu ya umbea."

Akacheka vile ulivyoicheka wewe kofia yangu kutoka dirishani, kabla sijakuposa.

"Baba, mama amekutuma unirudishe Mombasa?"

"Mimi? Nimefuata mahamri."

Mara tao likajikunja, likagawanyika, likakimbia. Salma akanisahau kabisa, uso wamng'ara. Bibi wee, yale uliyonituma nikayafukia kwenye theluji.

Njoo umrudishe mwenyewe, kama utaweza. Koti nshakununulia, jekundu, na upande wako wa kitanda mtupu.

Mungu akuweke, mpenzi.

Mumeo mtundu,
Abdalla