Divai ya Bwana Mkubwa

Utete, Jumatano, mwezi wa Shaabani

Sikuionja, na sitaionja.

Tangu vita vya Maji Maji vianze, Bwana Mkubwa Mdachi anaogopa sumu. Leo kafungua divai nyekundu iliyotoka kwao, bado changa, ya zabibu za aina mbili zilizovunwa mwaka mmoja. Akanisukumia bilauri mimi, mkalimani wake.

"Onja wewe kwanza."

"Bwana, mimi Mwislamu. Maneno yako nitayatafsiri, pombe sinywi."

"Ukikataa, nitajua umeitia sumu."

"Basi nipige."

Nikachapwa viboko mbele ya askari. Nilidhani nitalia, sikulia. Akaninyooshea bilauri tena, nikafumba mdomo.

Mwishowe akainywa mwenyewe. Akaizungusha mdomoni, akakunja uso. Akasema ina harufu nzuri lakini ni kali, inakwaruza ulimi, ingefaa ingojewe. Hakufa.

Mke wangu, Mwanaidi, amenipaka mafuta ya nazi mgongoni. Anauliza kesho itakuwaje, maana limebaki kasha zima la divai. Naogopa, sifichi. Pengine ataninyonga kama wale wapiganaji aliowanyonga.

Kesho nitakwenda kazini. Akinipa bilauri, nitaikataa tena mbele ya askari wale wale.