Mwendo wa Bibi Arusi

Nakivale, Jumapili, tarehe 17 Agosti 2014

Dada yangu mkubwa, Yaya Kampire,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu, nikiamini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya Amerika haijaanza kukuonea. Kazi inaendaje? Na yale magoti yako? Mama anauliza kama unakula chakula cha kueleweka au ni mikate tu. Sisi huku ni wazima. Mvua imetunyima kidogo, lakini maziwa bado yapo, na Mama bado ni shemasi mkali vilevile.

Yaya, filamu yetu imeisha! Jana ilionyeshwa Mbarara, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana wewe ulituacha pabaya.

Unakumbuka ile simu ya safari yako ya Amerika ilivyokuja ghafla. Tulikuwa tumebakiza onyesho moja tu, la bibi arusi kutolewa kwao, na bibi arusi ni wewe. Sikukulaumu. Hapa kambini kwa wakimbizi mwigizaji yeyote anaweza kuambiwa ndege yake ni kesho, na mjinga ni mimi niliyeacha onyesho lako kubwa likae mwisho wa kazi. Siku hizi nikimpata mtu anayesubiri safari, namwigizisha kifo chake kwanza, mengine baadaye.

Ulipoondoka nilibaki na kila kitu. Hadithi ni yangu, kamera nashika mimi, nyimbo natunga na kurekodi mimi katika kile chumba tulimosimamisha magodoro ukutani ili kelele zisiingie. Kisha yule aliyeigiza mzee wa upande wa bwana arusi akapata kibarua Ngarama, nikaingia mimi mahali pake. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusikiliza sauti, niliigiza nikiwa na hedifoni masikioni, nimezifunika kwa kitambaa nilichokizungusha toka kidevuni mpaka utosini, nikaandika katika hadithi kwamba mzee anaumwa jino. Jana watu wa Mbarara walimhurumia yule mzee kwelikweli.

Hayo yote niliyaweza. Lililonishinda ni lile onyesho la mwisho. Na unajua Mama alivyoapa: filamu hii isipoisha, mimi naiweka kamera chini na kwenda Kaberebere kuuza mahindi na mjomba Rwakabuba. Wakati huohuo Swaibu, yule askari anayetupigia tarumbeta, alikuwa ameshatuombea ukumbi karibu na kambi yao ya jeshi kule Mbarara, na matangazo yamebandikwa mpaka kwa kinyozi.

Nilijipa moyo kwamba kwa desturi yetu bibi arusi hutolewa akiwa amefunikwa shuka, kwa hiyo yeyote angeweza kusimama mahali pako. Kumbe wapi! Nilimjaribu Benitha wa mjomba, nikamjaribu Stellah wa dukani. Mtu aliyekutazama tangu mwanzo wa filamu angejua papo hapo kwamba bibi arusi amebadilishwa. Wewe una ule mwendo wako, unatanguliza mguu polepole, halafu bega la kushoto linafuata. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, anajifanya hatutazami, huku akisema kwa Kiswahili cha kwetu eti huyu anatembea sawa mutu anaenda kuchota maji, na yule sawa mutu polisi banamufukuza.

Basi jana onyesho hilo likafika. Bibi arusi akatoka mlangoni, akapita penye ng'ombe, wimbo wako ukaanza. Nilisikia wake wa askari wakipenga kamasi. Mwisho wakasimama wote, na Swaibu akashika maikrofoni akasema kwa Kiswahili chake cha jeshi kwamba bibi arusi iko wapi, yeye nataka salimia huyo mama. Nikaanza kueleza kwamba umesafiri.

Sasa nikwambie jambo ambalo niliapishwa nilinyamazie. Yule chini ya shuka ni Mama.

Siku ile aliyaacha maharagwe yake, akamvua Stellah shuka, akasema, "Leta hapa. Mutaharibu mutoto wangu." Akatembea mara moja tu. Nilipoangalia kwenye kamera nikakuona wewe, Yaya, nikalia. Pale anapopita penye ng'ombe utaona picha inatikisika kidogo. Si upepo, ni mimi. Kisha akaingia mwenyewe katika chumba cha magodoro. Ulikuwa umeniachia ubeti wa kwanza tu. Wa pili ameuimba yeye, wimbo ambao hakuwahi kuuimba tena tangu tulipokimbia kwetu mwaka 1996 na Baba akabaki huko. Aliniapisha kanisa lisijue kwamba shemasi ameigiza bibi arusi.

Lakini jana, nikiwa bado nababaika na maikrofoni, alisimama mwenyewe, na wazee wa kanisa wamekaa nyuma yake. Akasema, "Ni miye. Na ile mingine yote ni kazi ya mutoto wangu." Mchungaji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Yaya, nilijivunia Mama kuliko ninavyoweza kuandika.

Habari ya mahindi haipo tena. Leo asubuhi, akianika lile shuka, aliniuliza kama katika filamu ijayo nitamfunika tena au nitaonyesha uso. Nimeshamwandikia nafasi, na uso wake ndio utakaoanza.

Barua hii na diski ya filamu anakuletea jirani yetu Appolinaire, ambaye naye ndege yake imefika. Usihofu, nimeshamwigizisha kifo chake. Wasalimie wote wanaotukumbuka huko. Benitha na mjomba wanakusalimu, na Mama anakubariki. Ukifika mwisho wa filamu, rudisha nyuma utazame tena, uone ule mwendo umeutoa kwa nani.

Mdogo wako akupendaye,
Shimwa