Saa Kumi na Saba za Elia

Jumanne, 8 Aprili
Chai ya wafiwa tangu alfajiri. Sufuria tatu. Mama alifariki jana, mwili uko mochwari.

Kikao cha ukoo. Baba Mkubwa Zakaria akauliza kaka yangu Elia atafika lini kutoka Kanada. Wote wakanigeukia mimi, mwalimu wa jiografia. Nikatafuta kwenye simu: Vancouver hadi uwanja wa Kilimanjaro, kilomita elfu kumi na nne na ushee, saa kumi na saba. Nikasema, "Akipanda ndege leo, kesho usiku yuko hapa." Mazishi yamepangwa Alhamisi, saa nane mchana.

Nilijiona msomi kweli.

Jumatano, 9 Aprili
Elia katuma tiketi. Ndege tatu! Saa zile kumi na saba ni za ndege inayonyoosha moja kwa moja bila kutua, na ndege hiyo haipo. Atasubiri Ulaya, atasubiri Addis. Jumla saa thelathini na nne. Atatua Kilimanjaro kesho saa tisa alasiri. Kaburi litakuwa limeshafunikwa. Na bado barabara mpaka Mombo, ndipo aanze kupanda milima hadi huku kwetu.

Sijamwambia mtu. Nimefagia uwanja mara mbili. Siwezi kukaa.

Jioni
Nimemwambia Baba Mkubwa. Nilitoa shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba. Sema, mwanangu."

Nikasema.

"Na wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu ramani?"

"Ndiyo, Baba."

Akatoka mwenyewe kuwatangazia watu: mazishi Ijumaa, saa sita. Hakunitaja. Shangazi kanung'unika. Ndugu wa Tanga wameomba ruhusa kazini ya siku moja tu. Aibu.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Elia ametua. Nimepiga simu kila nusu saa: yuko Same, yuko Mkomazi, yuko Mombo. Hapo kakwama. Udongo umeporomoka chini ya Soni, magari hayapiti. Kilomita elfu kumi na nne kazimaliza, thelathini na kitu zimemshinda.

Mchungaji kasema hakuna kuahirisha tena.

Nina hasira na Elia. Miaka sita nimemwogesha Mama peke yangu. Sasa ukoo mzima unamsubiri yeye. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 11 Aprili
Amefika saa nne asubuhi. Alilala Mombo, alfajiri akavuka tope kwa miguu, akapata bodaboda upande wa pili. Suruali matope hadi magotini. Jeneza likafunguliwa. Akamwita Mama kwa Kishambaa, sauti ya mtoto mdogo. Sikujua bado anakikumbuka.

Kisha akanishika mkono, hakuuachia hadi makaburini. Hasira ilikuwepo bado. Mkono sikuutoa.

Jumapili, 13 Aprili
Wageni wameondoka. Baada ya ibada Elia kaosha sufuria zote, kaniuliza kuhusu ile miaka sita. Si habari za ugonjwa. Aliuliza, "Wewe ulikuwa unakula saa ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nimelia kuliko siku ya mazishi.

Leo niliamka saa mbili kasorobo. Mama angekuwa ameshagonga ukuta kutaka chai. Nililala tu pale, nikausikiliza ukuta.