Kugonga Kitako Mara Tatu

Jumatano, 3 Februari 2016

Bunduki zote mezani. Kazi ile ile. Fungua mfuniko wa mpira nyuma ya kitako, ingiza betri, funga, sukuma kitako ndani, vuta nje, jaribu. Bunduki za mchezo tu hizi, zinatema vigololi vya plastiki, lakini ukizipanga namna ninavyozipanga mimi hata jenerali anapiga saluti.

Betri yenyewe ni vijiti vitatu vyembamba vilivyoungwa kwa waya, kama mshikaki. Kimoja kinakaa bombani katikati, viwili mashavuni mwa kitako. Na kitako ni cha kusukuma. Mtoto anakifupisha, mtu mrefu anakirefusha. Hapo ndipo wanaume wanaposhindwa. Waya ukikaa vibaya, ukisukuma unang'atwa.

Mimi hauning'ati. Ukumbi mzima huu wa Al Qusais, hapa Dubai, hakuna mwingine anayeweza. Nawapa watu mgongo, nagonga kitako mara tatu, naweka sikio, nasikiliza. Ndipo nasukuma. Njeri wa mapokezi, Mkenya wa Nyeri, mdomo kama cherehani: "Uncle, leo bunduki imekuambia nini?" Nikamjibu imesema Wakenya wapunguze maswali.

Kugonga hakuna maana yoyote. Siri ni waya tu. Ukunje kama nyoka aliyelala, uulaze juu ya kijiti cha kati, usiuweke chini yake. Basi. Niligundua siku betri iliponiponyoka ikaingia yenyewe. Madam, mwenye ukumbi, nilimwambia nilifundishwa jeshini, kikosi cha siri, macho yamefungwa kitambaa. Jeshini sijakanyaga. Nililinda ghala la mkonge kwa rungu. Lakini rungu nalo ni silaha.

Ijumaa, 5 Februari

Ukumbi umejaa. Watoto wa birthday wanapiga kelele kama kasuku. Mchana kaka yangu Hamisi akapiga simu kutoka Muheza. Posa imekamilika. Mwanangu Mwanaidi anaolewa Ijumaa ya tarehe 26, akidi baada ya sala. Nikaruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Nilimwacha anavaa kaptula ya shule ya kaka yake. Sasa anaolewa. Nimewaambia nyumbani nakuja, na suti, na picha yangu na bunduki begani itangulie.

Jumapili, 7 Februari

Nimeomba likizo. Madam hakuinua hata macho kwenye simu yake. Likizo mafi, hakuna. Huu ndio msimu, joto limepungua, watu wanacheza kila siku. Halafu akasema, mbele ya Njeri, mbele ya Opio mlinzi wa mlangoni, "Wewe ukienda nani ataweka betri? Si ulisema ni wewe tu?"

Nilisema. Nilisema kila wiki tangu nimefika. Nilisema hata asipouliza.

Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwake tangu siku niliyoingia. Ufunguo uko shingoni mwake.

Jumatatu, 8 Februari

Mwanaidi amepiga. Nikamweleza habari za kumweka Hamisi awe wakili wangu wa kumwozesha, kwamba sheikh amesema ni halali, hata kwa simu. Akanikatiza: "Baba, wakili sitaki. Nakutaka wewe." Akakata.

Nimekasirika siku nzima. Sijui nimemkasirikia nani.

Ndege zinapita juu ya bati la ghala hili lililogeuzwa ukumbi, chini kabisa, unaweza kusoma maandishi ya tumboni. Zote zinakwenda. Nikisikia moja nasimamisha kazi mpaka ipite.

Alhamisi, 11 Februari

Nimepata dawa. Nitamfundisha Opio. Mganda, mikono kama majembe, mtulivu, hana maswali. Akijua yeye, Madam hana sababu.

Nimemfundisha. Kugonga, sikio, kusikiliza, kutikisa kichwa kidogo. Habari ya waya nimeipitia haraka haraka. Sikutaka ajue yote. Nikisema yote yataonekana ni kidogo. Nitarudi hapa, nitakula wapi heshima? Nusu inamtosha.

Anagonga vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 13 Februari

Opio amejaribiwa mbele ya Madam. Akapaka mikono maji. Akagonga. Akaweka sikio, akafumba macho kama mtu anayeomba. Akatikisa kichwa. Akasukuma kitako.

Ikalia cha! Moshi. Nikaruka meza mbili kwa hatua moja, nikainyakua bunduki, nikang'oa betri inawaka moto mrefu kama mnazi, nikaitupa kwenye ndoo ya mchanga. Haya, moshi ulikuwa wa sigara moja. Lakini betri ilivimba kama andazi, na ingeweza kuwaka, hilo ni kweli.

Madam akanitazama, si Opio. "Umeona? Hakuna mwingine. Khalas, basi." Akaenda zake.

Opio akanifuata stoo na ile sauti yake ya chini. "Mzee, niligonga vibaya? Ni ya pili ama ya tatu?"

Nikamwambia ya tatu.

Nimejichukia.

Jumatatu, 15 Februari

Bunduki. Betri. Sukuma, vuta. Mteja mmoja alitaka kupiga picha na mimi, "the master". Nikatabasamu. Sifa ninazo tele. Hazinipeleki hata getini.

Jumanne, 16 Februari

Chakula cha mchana. Njeri kaketi mbele yangu na chapati zake, akazungusha kikombe mkononi, akasema kama anayeongelea hali ya hewa, "Uncle, waya unakaa juu ya ile stick ya katikati. Si ni hivyo?"

Nikarudisha tonge sahanini.

Nikasema nani kakuambia, hiyo ni siri ya jeshi. Akaelekeza kidole juu. Kamera. Iko juu kabisa ya meza yangu. Skrini iko mapokezi, mbele ya pua yake. Muda wote huu nilikuwa nawapa watu mgongo na kumpa Njeri uso.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Madam aniongezee kazi? Halafu nikisema najua, wewe utabaki na nini?" Akakunja chapati. "Na hujawahi kuniuliza. Umekimbilia Opio juu ni mwanaume. Ati kazi ya wanaume. Haya, wanaume wakachoma."

Nikachukua sahani yangu nikaondoka. Mimi! Mkuu wa mkoa alikuja siku moja ghalani nikamjibu mpaka akasahau alichofuata.

Jumatano, 17 Februari

Nimemkwepa. Nimefagia vigololi chini ya kila kizuizi, hata palipokuwa pasafi. Kinywa kinakataa. Kumwomba mwanamke wa rika la mwanangu asimame mahali pangu, mbele ya Madam. Wote waone kwamba ni waya tu.

Ndege imepita. Sikusimama.

Alhamisi, 18 Februari

Nimemwomba. Nimewahi kumshika nyati pembe, tulikuwa wanne tukabaki wawili, na lile lilikuwa jepesi.

Njeri akasema, "Sema tena, sijasikia." Alisikia. Nikasema tena. Nikataja na Mwanaidi, na Ijumaa, na lile neno lake kwamba wakili hataki. Hapo Njeri akaacha utani. Akasema sawa, ila kwanza niende mlangoni nikamwambie Opio hakukosea kugonga.

Nimekwenda. Opio alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni waya tu?" Waya tu. "Na mimi nimekuwa najifunza kugonga kwa meza ya room." Akaanza kucheka, mtu mzito yule, mpaka machozi. Mimi sikucheka. Baadaye kidogo nikacheka.

Jumapili, 21 Februari

Leo Njeri amejaribiwa.

Madam alikuja na kikombe chake cha kahawa, hana imani, kavaa uso ule ule wa siku Opio alipochoma. Mimi nilisimama pembeni. Sijawahi kusimama pembeni mwa meza ile. Njeri akafungua mfuniko. Kijiti cha kati, vijiti vya mashavuni. Waya akaukunja vizuri kuliko ninavyoukunja, akaulaza juu. Akafunga. Nikajua sasa anasukuma, inakwisha, Madam ataona ni jambo la dakika moja ambalo hata kipofu analiweza.

Njeri akasimama. Akagonga kitako. Mara tatu. Akaweka sikio, akasikiliza, na akachukua muda wake.

Opio pale mlangoni akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Akasukuma. Kikaingia chote, laini. Akavuta, akasukuma tena, akalenga ubao, tatata. Madam akauliza umejifunza wapi. Njeri akasema, "Uncle ndiye amenifunza, madam. Bila kugonga haikubali."

Madam akavua ufunguo shingoni.

Vumbi la ghala hili ni baya kwa macho. Nimelisema siku nyingi.

Jumatatu, 22 Februari

Tiketi ipo. Pasi nimeilalia chini ya mto. Njeri amesema nisirudi bila korosho, za kukaanga, na nisilete hadithi badala yake.

Jumamosi, 27 Februari, Muheza

Jana baada ya sala nilimshika bwana harusi mkono, nikamwozesha mwanangu kwa kinywa changu mwenyewe. Sauti ilikatika mara moja. Hamisi alitaka kunisaidia, nikamkazia macho. Nikamaliza.

Jioni vijana wakanizunguka. Mjomba, tupe habari za Dubai, za bunduki. Nikawapa habari za mwanamke mmoja wa Nyeri. Anaweka betri macho yamefungwa, kwa mkono mmoja, na bunduki zikimsikia anakuja zinanyamaza zenyewe. Wakasema mjomba unatia chumvi. Nikasema kidogo.

Leo kumetulia. Sufuria zimegeuzwa juani. Mwanaidi amepita na bwana wake kuniaga, akaniwekea chai, akakaa ubavuni mwangu mpaka ikapoa.

Korosho nimeshanunua.