Maneno ya mama ambayo hayamo kwenye filamu

Jumamosi, jioni. Mawingu yameshinda juu ya Mwananyamala tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto limejaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Nina kisirani, nakiri mapema, kwa hiyo anayetaka vya kuchekesha leo apite tu.

Sababu ni filamu. Mtanishangaa.

Sisi wapenda filamu wa mtaa huu tunakutana nyuma ya saluni ya Focus, kinyozi wetu. Kwa wiki kadhaa tumekuwa tukibishana jambo moja: ipi filamu bora ya karne hii mpaka sasa? Karne yenyewe haijafika hata katikati, sisi tumeshaanza kugawa vikombe. Watu wamenuniana kweli. Kuna fundi cherehani hamsalimii jirani yake kwa sababu aliambiwa filamu za ngumi si filamu. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kutetea. Unasimama, unaonyesha kipande kimoja kwenye runinga, unasema kwa nini yako ndiyo bora, kisha kura zinapigwa.

Mimi nilisimama na Mtoto wa Dobi. Ndivyo tunavyoiita hapa, jina lake la Kihindi sikuwahi kulijua. Kijana anaondoka kijijini kwenda kumtafuta baba yake mjini. Mama yake anamsindikiza mpaka kizingitini na kumwambia, "Nenda. Mlango sitaufunga, nitaurudishia tu." Hakuna mtu wa rika langu mtaani asiyeyajua maneno hayo. Tuliyasikia kwenye kibanda cha video, filamu ikiwa imetafsiriwa kama zilivyokuwa zote: sauti ya mtu mmoja juu ya sauti za Wahindi, anaigiza mama, anaigiza polisi, anaigiza mpaka ng'ombe. Mtafsiri wa ile alikuwa kaka yangu Rajabu.

Kaka alikuwepo leo, kakaa kwenye benchi, kajifunga kitambaa shingoni. Jumatano anafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba uvimbe utatolewa, lakini sauti inaweza isirudi. Mpaka siku hiyo asiongee kabisa, hata kunong'ona.

Basi nikahutubia. Nikasema aliyeandika maneno yale ya mama anastahili kikombe peke yake, hata filamu yote iliyobaki ingekuwa takataka. Neema, binti wa chuo ambaye hakuwahi kuingia kibanda cha video, akaitafuta filamu kwenye mtandao, ile ya asili, yenye maandishi chini. Kijana akatoka na furushi lake. Mama akamfuata mpaka kizingitini, akamtazama.

Hakusema kitu.

"Sista Mwaju, mbona mama wa watu kanyamaza tu?" Neema akauliza.

Tukarudisha nyuma. Mama kanyamaza tena. Watu wakaangua kicheko, na mimi nimesimama na rimoti mkononi, nimemaliza kutetea maneno ambayo hayamo.

Nikamgeukia kaka. Yeye hakuwa anacheka. Akanivuta mkono, nikainama, akaninong'oneza: "Ya mama yale. Siku naondoka Utete."

Mama yetu. Siku hiyo mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, na mama alifariki kabla sijapata akili ya kuikumbuka sauti yake. Kumbe nilimsikia miaka yote ile, nimekaa sakafuni kwenye kibanda cha video natafuna karanga, sijui kama ni mama yangu anayesema. Nilitaka kulia, na nilitaka kumkemea kwa sababu kanong'ona. Nikashindwa vyote viwili.

Ubishi ukaanza upya. Neema akasema ya mtafsiri isihesabiwe, filamu ni ile iliyotengenezwa na wenyewe. Focus akapandisha sauti: "We mtoto, hapa nani kaiona hiyo ya Wahindi? Sie tuliona ya Rajabu!" Kura zikapigwa, Mtoto wa Dobi ikashinda. Na hapo ndipo Focus akaharibu siku yangu.

"Kaka Rajabu, kesho tunaionyesha hapahapa. Tutafsirie pale pa mama tu. Kidogo tu, haidhuru."

Kaka akakubali kwa kichwa kabla sijafungua mdomo. Uso wake ulichangamka. Sijamwona hivyo tangu aache kutafsiri filamu.

Nikasema hapana. Nilisema mbele ya watu, kwa ukali, kama nakataza mtoto kuchezea moto. Huyu ni mtu aliyenilea, amenizidi miaka mingi. Angenijibuje?

Sasa niseme ukweli ambao sikuusema pale. Hakuna rekodi hata moja ya tafsiri ile ya kaka iliyobaki. Nimeulizia mpaka Chamazi kwa bwana mmoja aliyekuwa akizihifadhi, naye alishazitupa. Katika wote waliokuwa nyuma ya saluni, hakuna anayetamani kaka ayaseme maneno yale kuliko mimi. Jioni hii, naosha vyombo, nimejikuta nikipanga nimwombe hapahapa nyumbani, sisi wawili tu, nimshikie simu, nirekodi. Daktari atajuaje?

Nimejiogopa.

Na bado najiuliza nani kanipa mamlaka. Koo ni lake, sauti ni yake, na pengine anajua vizuri kuliko sisi kitu anachotaka kukifanya nayo kabla haijaondoka. Nikimkatalia na isirudi, nitajilaumu. Nikimruhusu na mambo yaharibike, nitajilaumu zaidi. Nimechagua lile dogo, na halinipi usingizi wowote.

Focus amepiga simu tena muda si mrefu. Nimemwambia waionyeshe filamu ilivyo, mama wa watu anyamaze zake, kaka hatafsiri. Kakata simu bila kuaga.

Tangu turudi, kaka amekaa uani kanipa mgongo. Namwita, hageuki. Sijui kama anatii daktari au kaninunia. Kwa hali yake ya sasa, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Asubuhi nitampelekea chai. Siwezi kumpa kaka yangu mkubwa chai bila kumwamkia, sikulelewa hivyo, na aliyenilea ni yeye. Nitasema shikamoo. Marahaba ni neno moja tu. Sijui nimwombe Mungu kaka aitikie, au aninyime.