Kijiti cha Shazli

Wagdi, uko wapi? Pokea simu!

Unaikumbuka pikipiki niliyonunua kwa Shazli? Ile ambayo oili yake inachemka kabla sijafika hata stesheni ya Luxor?

Nimelaumu jua. Nimebadilisha oili. Nimesugua mapezi ya injini kwa mswaki ili upepo upite. Wapi!

Leo fundi kachomoa kijiti cha kupimia oili, akakilinganisha na cha pikipiki nyingine kama yangu. Changu kirefu. KIREFU, Wagdi! Kimeungwa kwa juu, alama zikashuka chini! Oili iko nusu, kijiti kinalowa kama vile imejaa.

Nikampigia Shazli. Unajua kanijibu nini? "Sasa ndugu yangu, kile cha zamani kilikuwa kinawatisha wateja."

Kinawatisha wateja! Mimi ni mteja? Mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, ziwa la mama yake!

Na mimi mjinga, kila asubuhi nachomoa kijiti, naona kimelowa hadi kwenye alama, nasema: Mungu amrehemu mama yake Shazli, kaniachia ndugu mwaminifu.